Pasi ya Kushoto

Chuo Kikuu cha Tormore, Nova Scotia
25 Oktoba 1987

Mdogo wangu Paula,

Barua hii usimsomee mama. Mwambie nimeandika kuhusu baridi na kwamba soksi zilifika. Zimefika kweli, na zinawasha mpaka najikuna katikati ya kipindi.

Goti limeniponza. Tulikuwa mazoezini, nikaruka kudaka mpira, nikatua juu ya mguu wa Noreen, yule ninayekaa naye chumba kimoja. Goti likaenda upande wake na mimi upande wangu. Daktari anasema halihitaji kisu, linahitaji subira, na kwamba mpira wa kikapu niusahau mpaka baada ya Krismasi. Nililia, Paula. Nililia mpaka Noreen akanipikia chai ya maziwa ya kopo, na Noreen hajui kupika hata chai.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipoacha kulia. Ligi yetu inampa kila mchezaji misimu mitano, basi. Minne nimeimaliza, na huu ndio ungekuwa wa mwisho. Lakini msimu usioucheza hauhesabiki. Nikikaa benchi mpaka mwisho bila kuingia uwanjani katika mchezo wa ligi, msimu wangu wa tano unabaki pale pale, unaningoja mwakani. Na mwakani nani anamaliza shule huko Pardy's Cove na kuja chuoni?

Umeshaelewa. Nakuona unavyorukaruka.

Maisha yetu yote tumepishana. Nilipokuwa timu ya shule, wewe ulikuwa unaudunda mpira kwa mikono miwili kama mtu anayefua. Ulipoingia timu ya shule, mimi nilikuwa nimeshavuka maji. Tumecheza pamoja chini ya pete moja tu ya kikapu, ile aliyoipinda baba kwa chuma cha kiwandani na kuipigilia ukutani mwa banda lake, tena upande wa kushoto tu, kwa sababu kulia kuna tangi la mafuta.

Nataka mwaka mmoja, mdogo wangu. Nitatafuta somo lolote la kusingizia nibaki chuoni mpaka mwakani. Timu moja, mimi na wewe, mbele ya watu. Siombi kingine.

Usimwambie mtu. Simu iko jikoni na mama ana masikio ya sungura, kwa hiyo tuandikiane.

Dada yako mchechemeaji,
Dulcie

*

Pardy's Cove, Newfoundland
9 Novemba 1987

Dada D,

Pole kwa goti. Hongera kwa goti. Sijui nianze na lipi.

Meli ya posta ilichelewa kwa dhoruba. Ilipofika nikaisomea barua yako chooni, na nikaruka kweli, mpaka mama akagonga mlango: "Paula! Unaumwa tumbo?" Nikasema ndiyo. Akanimiminia mafuta ya samaki vijiko viwili. Kwa hiyo siri yako nimeshailipia, usiniambie lolote.

Timu yetu ya shule tuko sita, na mmoja anaogopa mpira. Kwa hiyo mazoezi yangu nayafanya uani. Nafanya ile pasi yetu. Nasimama getini, natazama mlango wa nyumba kana kwamba nataka kwenda huko, kisha naurusha mpira kushoto bila kuangalia, pale kwenye rundo la kuni, mahali pako. Kuni hazidaki. Lakini kichwani nakuweka wewe pale, na najua kabisa kama mpira umekufikia au umekupita.

Baba naye ana lake. Kila ukituma gazeti la chuo, ananipa nimsomee habari za timu. Juzi nilipomaliza akasema, "Miaka yote hii mwanangu anacheza mpira wa kusomewa." Nikataka kucheka, nikamwona usoni, nikaacha. Hajawahi kukuona, D. Ulipokuwa unacheza shuleni yeye alikuwa zamu kiwandani, na tangu uende huko amesikia tu. Pete aliipinda mwenyewe, lakini hajawahi kukuona ukifunga kikapu mbele ya watu.

Mwakani atatuona sote wawili kwa nauli moja. Nimekaa kimya kama ulivyosema, na nitaendelea kukaa kimya hata nipasuke.

Paula
(mchezaji mwenzako!!)

*

Tormore
17 Januari 1988

Paula,

Goti limepona. Ndiyo habari yenyewe, na ni mbaya.

Daktari amenikunja, amenikunjua, amenirukisha kwa mguu mmoja kama mtoto, akasema naweza kucheza hata kesho. Nikatoka kwake nikaenda moja kwa moja kwa Kocha Boudreau, nikamwambia bado linauma. Nilimwambia nikimtazama machoni. Akanishika bega, akasema, "Basi, mwanangu, usilazimishe. Mguu ni wa maisha, mpira ni wa Jumamosi tu." Afadhali angenitukana.

Wewe hujaona timu yetu ilivyo. Basi la kusafiria tunagawana na wanaume wa voliboli, na kwa kuwa wao ndio wenye miguu mirefu, sisi tunakaa nyuma na mabegi. Jezi tunafua wenyewe. Ukumbi wetu kila Alhamisi ni wa bingo ya parokia, ule mchezo wa bahati wa namba, na Ijumaa tukiingia tunaokota kwanza vile vifungo wanavyowekea alama, maana ukikanyaga kimoja unakwenda chini. Vyuo vikubwa vya Halifax vikija, vinashusha makocha wengi kuliko wachezaji wetu. Ni desturi kufungwa, tumezoea, tunaimba tukirudi.

Lakini mwaka huu hatuimbi, kwa sababu mwaka huu tunakaribia. Tunafungwa kwa kikapu kimoja, viwili. Na kila tukifungwa kwa kikapu kimoja, nakaa pale benchi nimeshika chupa za maji za wenzangu, nikijua kikapu hicho ninacho mimi.

Noreen alinikuta ukumbini peke yangu nikiruka. Tulipofika chumbani ndipo akaniuliza.

"Goti linaendeleaje, Dulcie?"

"Hivyo hivyo."

"Mm. Kwa goti la hivyo hivyo, linaruka vizuri."

Tangu hapo ananisalimia kama jirani wa mbali.

Kocha sijamwambia kuhusu mwakani, wala kuhusu wewe. Nikimwambia hilo moja atajua na mengine. Nitamwambia msimu ukiisha. Njia ya mwongo ni fupi, najua, lakini yangu inahitaji kufika Februari tu. Niandikie uniambie kwamba nafanya sawa. Hata kama sifanyi sawa, niandikie hivyo hivyo.

Dulcie

*

Pardy's Cove
1 Februari 1988

Kwa heshima, Kocha Yvonne Boudreau,

Hunijui. Mimi ni Paula Durnford, mdogo wake Dulcie. Mungu akipenda, Septemba nitakuja huko kukusumbua mwenyewe.

Baba yetu ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha samaki. Pampu imekufa na kipuri kiko North Sydney, huko huko Nova Scotia, naye ndiye anayetumwa kukichukua. Nimemshawishi apande basi aje Tormore Jumamosi ya tarehe 20, mchezo wenu wa mwisho wa nyumbani, siku ya kuwaaga wanaomaliza. Hajawahi kumwona Dulcie akicheza. Dulcie hajui kwamba anakuja, tafadhali usimwambie.

Nimesoma katika gazeti la chuo kwamba mwaka juzi msichana mmoja aliyevunjika mkono alipewa kikapu cha heshima siku ya kuagwa, na timu ngeni ikamwachia njia. Dulcie naye akipewa, itakuwaje? Najua goti lake halimruhusu kucheza. Lakini hiyo si kucheza, ni heshima tu, sivyo? Asiruke sana. Baba amwone mara moja tu akiwa na mpira mkononi, arudi na kipuri chake.

Samahani kwa mwandiko, kalamu ni ya mama.

Paula Durnford

*

Tormore
10 Februari 1988

Paula,

Barua yako imenikuta nina mafua, ikanimalizia vitambaa.

Nimempigia kocha wa timu ngeni, amekubali kabla sijamaliza kuomba. Tutafanya kama tunavyofanya huku: mpira wa kwanza wanatuachia, wanasimama, Dulcie anafunga. Kisha sisi tunasimama, wao wanafunga chao, dada yako anatoka, na mchezo unaendelea kwa haki. Hakuna aliyemzidi mwenzake.

Dada yako amekaa benchi msimu wote na goti hilo bila kunung'unika. Ningesikitika aondoke Tormore hivi hivi, bila kuagwa na mpira. Yeye sitamwambia kitu mpaka dakika yenyewe.

Mwambie baba akae upande wa mlango. Upande wa pili paa linavuja.

Y. Boudreau

*

Tormore
21 Februari 1988

Mchokozi wewe,

Kocha ameniambia ni kazi yako. Nilidhani nakufahamu.

Nilikuwa nimevaa jezi chini ya koti la mazoezi, kwa ajili ya picha. Wakatuita majina sisi tunaoondoka, tukapewa ua moja moja, watu wakapiga makofi. Nikainua macho. Pale upande wa mlango nikaona kofia ya kiwanda. Baba, Paula! Amekaa wima kama yuko kanisani, na mapajani amepakata kipuri cha pampu ndani ya gunia, maana hakumwamini mtu wa kumshikia. Kabla sijapumua, Kocha ananiambia, "Vua koti. Kikapu kimoja. Mzee wako amevuka bahari."

Wasichana wa timu ngeni walisimama mikono chini. Njia yote ya kulia iko wazi, wamenifagilia kabisa. Na mimi, kichwa maji, nikazunguka kushoto! Watu wakacheka. Kisha mpira ukaingia, na watu wakasimama. Noreen ndiye aliyenifikia kwanza, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Baba hakusimama kwa sababu ya kipuri, lakini alivua kofia.

Baadaye tulikwenda kula samaki na viazi. Alikula kwanza nusu ya sahani. Unamjua. Halafu:

"Umekwenda kushoto."

"Ndiyo, baba."

"Kulia kulikuwa wazi."

"Niliona, baba."

"Kumbe ile pete yangu ndiyo iliyokulemaza."

Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tumepungukiwa na kitu. Sijawahi kumwona baba akicheka hivyo, hadi machozi, na kofia kaiweka mezani juu ya kile kipuri kana kwamba nacho kimekuja kula. Aliponiaga kituoni alinipigapiga shavuni mara mbili, akapanda basi, hakugeuka.

Asante, Paula. Nimesema asante, nawe ulishike neno hilo hata ukija kusikia nini.

Mambo ya mwakani tuyaache kwanza. Nina mitihani.

Dulcie

*

Pardy's Cove
6 Machi 1988

Dada D,

Baba amerudi mtu mwingine. Kile kikapu anakisimulia kiwandani, dukani, kanisani baada ya misa, na kila akisimulia unafunga kutoka mbali zaidi. Kwa wiki hii umeshafika nusu ya uwanja. Mama anasema ikifika Pasaka utakuwa umefungia ukiwa nje ya ukumbi.

Na sikia hili. Ameing'oa pete. Amepanda ngazi kwenye theluji hii hii, ameihamishia mbele ya banda ambako hakuna tangi wala nini, unaweza kwenda kulia, kushoto, popote. Nikamuuliza kwa nini asingoje barafu iyeyuke. Akasema, "Mmoja nimeshamlemaza. Nimwokoe wa pili."

Nimeamua kuhusu namba. Wewe 9 yako ile ile, mimi 10. Tukipiga picha ya timu tunasimama karibu, 9 na 10, na kule nyumbani mama ataitundika picha ukutani aache kumwambia padri kwamba mpira ni kazi ya wavulana. Pia nimeamua kwamba kwenye basi nitakaa dirishani.

Kwa nini umesema mambo ya mwakani tuyaache? Mimi ndiyo ninayoyala na kuyalalia.

Paula, namba 10

*

Tormore
20 Machi 1988

Paula,

Mitihani imenibana. Chukua namba unayoitaka, hata 9.

Mpe baba salamu. Mwambie asipande tena ngazi penye barafu.

Nakupenda sana.

D.

*

Tormore
18 Aprili 1988

Paula,

Chuo kimenithibitishia kwamba umekubaliwa. Karibu Tormore. Njoo na viatu vyako, sisi hatuna vya kugawa.

La pili ni gumu, na nadhani umeshaambiwa, lakini nalisema ili lisisemwe kwa uvumi. Mwishoni mwa Februari dada yako alikuja ofisini kwangu akanieleza yote: kwamba goti lilipona Januari, kwamba alikuwa anautunza msimu wake ili acheze nawe mwakani. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mtoto aliyemlea miaka mitano. Kisha nikapiga simu ligi kumwombea.

Kile kikapu tulikifunga mchezo ukiwa umeanza, saa inakimbia, na refa akakiandika. Kwa ligi, hakuna heshima wala nini. Aliyeingia uwanjani amecheza, na msimu wake umekwisha. Nimewaandikia, nimewasihi, nimewapigia kelele kwa Kifaransa. Hawakubali.

Ninachoshindwa kukimeza ni hiki. Angeniambia mapema, tungekifunga kikapu kile kabla ya filimbi. Baba yenu angeona kitu kile kile, watu wangesimama vile vile, na kisingeandikwa popote. Mimi nilimwona msichana anayeondoka. Sikujua kwamba alikuwa anakungoja wewe.

Yaliyopita tumeyazungumza, mimi na yeye, na tumepatana. Nataka uje bila kinyongo.

Y. Boudreau

*

Pardy's Cove
25 Aprili 1988

Dulcie,

Ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika ile barua, kwa mkono wangu, na nikajiona mwerevu. Siri yako niliitunza vizuri mno! Kama ningemdokezea Kocha neno moja tu kuhusu mwakani, angejua. Nilikaa kimya palipotakiwa kusema na nikasema palipotakiwa kukaa kimya.

Siwezi kula. Mama ananipa mafuta ya samaki, nayameza tu.

Na wewe nimekukasirikia. Umeniacha nichague namba. Umeniacha nikuandikie kwamba nitakaa dirishani, na wewe ulikuwa unajua, unanijibu "chukua hata 9." Nani alikuambia mimi ni mtoto wa kufichwa?

Nakuuliza kitu kimoja na unijibu kweli. Pale Kocha alipokuambia vua koti, ulijua kwamba msimu utakwenda? Au ulikumbuka baadaye?

Paula

*

Tormore
3 Mei 1988

Mdogo wangu,

Nilijua.

Unakumbuka zipu ya koti langu, ile uliyoivunja wewe, inayokwama kifuani? Ilikwama. Kwa hiyo nilipata muda wa kufikiri, usije ukadhani nilichukuliwa na makofi. Nilitakiwa kusema neno moja tu, "Kocha, ngoja." Lakini neno hilo lingeburuta mengine nyuma yake, goti zima, uongo wa mwezi mzima, na Noreen amesimama hapo hapo. Na juu pale baba, na gunia lake.

Upande huu baba, mara moja. Upande huu wewe, mwaka mzima. Watu watasema ningepima. Sikupima, Paula. Zipu ikaachia, nikaenda.

Wewe huna kosa lolote. Ulitaka baba anione. Mimi nilikuwa najiambia kwamba sijali, miaka yote hiyo, kwamba yuko kazini, kwamba ndivyo alivyo. Kumbe nilikuwa nalitaka jambo hilo kuliko nilivyojijua. Nilikuficha kwa sababu nilitaka ufurahi japo kidogo, angalau mmoja wetu awe bado anao ule mwaka kichwani.

Nimepata kazi ya ualimu kaskazini, Labrador, kuanzia Septemba. Najua utasema nibaki tu, nikae jukwaani nikutazame. Siwezi. Ningekuwa nainuka kila unapotoa pasi, na mwisho wangenifukuza.

Ahadi moja nakuomba. Baba asijue, mpaka anaingia kaburini. Ana kikapu kimoja tu cha kwangu. Akijua bei yake, hataweza tena kukifurahia.

Nakuja nyumbani Juni. Nataka kuiona hiyo pete ya watu wazima.

Dada yako,
Dulcie

*

Labrador
18 Septemba 1988

Paula,

Mbavu zangu bado zina alama ya kiwiko chako. Nikivaa asubuhi naigusa, inauma, nafurahi.

Nimekuwa nikiikumbuka Julai yote, siku baada ya siku. Mimi na wewe dhidi ya wale watoto watatu wa jirani yetu Skinner, baba amekaa kwenye gogo la kupasulia kuni akitaja pointi kwa sauti na kutupendelea waziwazi, mama dirishani akisema samaki wanapoa. Na pete imekaa wazi pande zote, baba ameihangaikia hivyo, halafu sisi wawili tunakwenda kushoto tu, kushoto tu, mpaka akatupa kofia chini: "Basi, nimeshindwa! Mmezaliwa hivyo!"

Hapa ukumbi wa shule hauna kikapu. Watoto wana mpira, wanaupiga ukutani. Nimemwandikia baba anipindie pete nyingine, aitume kwa meli ya mwisho kabla bahari haijaganda.

Wewe sasa uko kwenye kitanda changu, na Noreen kitanda cha juu anakoroma. Mvumilie. Amebakiza mwaka mmoja, na moyo wake ni mzuri kuliko chai yake.

Cheza, mdogo wangu. Cheza na waliopo. Usinitafute uwanjani.

Dulcie

*

Tormore
13 Novemba 1988

Dada D,

Jana tulikuwa na mchezo wa kwanza wa nyumbani. Nilivaa 10. Kocha alinipa 9, nikamrudishia, nikamwambia ina mwenyewe. Hakubisha. Ameikunja kabatini.

Kwenye basi sikai dirishani. Noreen ni nahodha na anasema dirisha ni la wazee. Ananiita Kidogo. Ijumaa niliokota vifungo vya bingo chini ya kikapu, kimoja nakutumia humu, usikikanyage.

Baba alipiga simu asubuhi kunitakia heri. Akauliza kama bado wanakikumbuka kile kikapu chako huku. Nikamwambia wanakikumbuka, baba. Akasema, "Ningekuwa nimechelewa basi siku ile, nisingekiona maisha." Nikasema ndiyo. Ahadi yako nimeitunza.

Nilianzia benchi. Kipindi cha pili Kocha akaniingiza, nikafunga viwili, vyote kushoto. Wapo waliocheka pale jukwaani, wale wanaokumbuka. Sikujisikia vibaya. Nilijisikia nyumbani.

Kisha tukawa nyuma kwa kikapu kimoja, mwishoni kabisa. Nikaja na mpira katikati. Nikatazama kulia kana kwamba nataka kwenda huko, na wote wakanifuata kulia, D, wote, hata refa. Na mkono, sikuutuma mimi, naapa, ukaurusha mpira kushoto bila kuangalia. Mahali pako. Ulinitoka vidoleni vizuri kuliko siku zote. Nilijua kabisa kwamba umekufikia.

Nikageuka kukutazama ukifunga.

Mpira ulikuwa unadunda peke yake kuelekea upande wa mlango, pale alipokaa baba siku ile. Msichana mmoja wa timu ngeni aliufuata polepole, akauokota.

Kocha akanitoa. Nikakaa nikingoja makaripio yangu. Akainama akaniuliza, "Durnford, ile ulikuwa unampa nani?" Nikatazama kule kushoto. Akanitazama usoni, akageuka akaangalia uwanja, akanipa chupa ya maji. Hakuniuliza tena.

Tulifungwa. Najua uliniambia nisikutafute, na kuanzia kesho nitajaribu. Ila nilitaka ujue kwamba ilikuwa pasi nzuri.

Ungeidaka.

Mdogo wako,
Paula